Kuchezea njia ya hewa ya injini: Kelele huongezeka, nguvu haionekani

BAADHI ya wamiliki wa magari madogo mijini wamejenga mazoea ya kuondoa kisanduku cha chujio la hewa, maarufu kwa mafundi kama eya klina, na kufunga mahali pake chujio la wazi lenye umbo la pia. Wanaamini kwamba kwa kufanya hivyo injini itapumua vizuri, itakuwa na nguvu zaidi na itatumia mafuta kidogo.

Wengine hawanunui hata chujio hilo. Hutoboa matundu kwenye kisanduku kilichokuja na gari, hukata bomba linaloingiza hewa, au hununua bomba la plastiki kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kuliunganisha kwa gundi na klampu. Wachache huthubutu kuondoa chujio kabisa na kuacha mdomo wa injini ukiwa wazi.

Kazi hiyo hufanyika kwa muda mfupi katika gereji za mitaani au nyumbani, na matokeo yake ya kwanza humfurahisha mwenye gari. Kila anapokanyaga mafuta, injini hunguruma kwa sauti nzito inayofanana na ya magari ya mashindano, naye huondoka akiamini kwamba gari lake limeongezeka nguvu.

Hata hivyo, sauti si nguvu. Katika gari la kawaida la petroli linalotembea mjini, faida inayoweza kupatikana kwa kupanua njia ya hewa ni ndogo kiasi kwamba dereva hawezi kuihisi, ilhali makosa madogo katika kazi hiyo yanaweza kuimaliza injini kwa vumbi, au kuivunja kwa maji katika muda usiofika dakika moja.

Hewa kiasi gani?

Petroli haiwaki peke yake. Ili gramu moja ya petroli iungue sawasawa, zinahitajika karibu gramu 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, hivyo huhitaji karibu kilo 11 za hewa, ambazo ni takriban lita 9,000.

Kwa maneno mengine, kila lita moja ya petroli inayochomwa ndani ya injini hutumia hewa inayokaribia kujaza matangi mawili ya maji ya lita 5,000 kila moja. Gari linalotumia lita kumi kwa siku hupitisha katika chujio lake hewa ya kujaza matangi 18 ya aina hiyo.

Kwa hiyo, anayesema kwamba hewa ni nguvu hajakosea. Kiasi cha petroli kinachoweza kuchomwa hutegemea kiasi cha hewa iliyoingia, na nguvu ya injini hutegemea petroli iliyochomwa. Hii ndiyo sababu gari lilelile lililokuwa jepesi Dar es Salaam huonekana kuwa zito likifika Mbeya, jiji lililoko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni hafifu kwa takriban moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani.

Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayofichua kasoro ya kwanza katika imani ya wanaofanya mabadiliko haya. Ikiwa hewa zaidi inaingia, ni lazima petroli zaidi iingie ili uwiano ule wa 14.7 kwa moja udumu. Mtu hawezi kuahidiwa kwa pamoja kwamba hewa itaongezeka, nguvu itaongezeka na matumizi ya mafuta yatapungua kwa sababu ya hewa hiyo. Ahadi moja inaipinga nyingine.

Katika injini za zamani zinazotumia kabureta, hewa ikizuiwa mchanganyiko huwa na petroli nyingi kupita kiasi, hivyo chujio chafu lilikuwa likila mafuta. Injini za kisasa zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta haziko hivyo. Kompyuta hupima hewa iliyoingia, kisha hutoa petroli inayolingana nayo.

Suala hilo lilichunguzwa na Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2009. Watafiti waliyaendesha magari yakiwa na machujio safi, kisha yakiwa na machujio yaliyozibwa kwa makusudi. Walibaini kwamba katika magari ya petroli yanayoongozwa na kompyuta, chujio lililoziba halikuathiri kwa maana matumizi ya mafuta. Kilichopungua ni uwezo wa gari kuongeza mwendo dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa mkazi wa jiji. Ikiwa hata chujio lililoziba halibadilishi sana matumizi ya mafuta, basi kubadilisha chujio safi la kawaida kwa chujio la wazi hakuwezi kuleta nafuu inayotangazwa.

Kizuizi halisi kiko wapi

Ili kuelewa kwa nini faida ni ndogo, ni vyema kufuata safari ya hewa tangu inapoingia hadi inapofika ndani ya silinda.

Hewa huingilia kwenye mdomo wa bomba, ambao katika magari mengi huwekwa mbele, karibu na rejeta au nyuma ya taa. Kutoka hapo huingia katika kisanduku, hupita kwenye karatasi ya chujio, hupita kwenye sensa inayoipima, kisha hufika kwenye kilango kinachofunguka na kufunga kwa kufuata mguu wa dereva. Baada ya kilango hicho hewa huingia katika manifoldi na kugawanywa kwa kila silinda.

Kilango hicho ndicho kinachoamua. Kukanyaga mafuta katika gari la petroli si kumwaga petroli moja kwa moja, bali ni kufungua mlango wa hewa. Injini inapounguruma taratibu gari likiwa limesimama, kilango huwa kimefungwa karibu chote, na shinikizo ndani ya manifoldi hushuka hadi takriban theluthi moja tu ya shinikizo la hewa ya nje.

Chujio safi, kwa upande wake, hupunguza shinikizo kwa kiasi kidogo mno, tena pale tu injini inapovuta hewa nyingi. Gari likiwa katika foleni ya Ubungo au Tazara, kilango huziba njia ya hewa kuliko chujio lolote lile. Kupanua njia kabla ya kilango hicho ni sawa na kupanua barabara inayoelekea kwenye daraja jembamba: foleni hubaki palepale darajani.

Tofauti huanza kuonekana pale dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho na injini kuzunguka kwa kasi kubwa. Hapo ndipo kila kizuizi huhesabika, na hapo ndipo magari ya mashindano huishi. Dereva wa mjini huwa katika hali hiyo kwa sekunde chache tu kwa siku.

Mfano wa jinsi hewa inavyothaminiwa katika mashindano ulionekana mwaka 1995. Katika mbio za magari za dunia, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilikuwa limeagiza kwamba hewa inayoingia kwenye turbo ipitie tundu lenye kipenyo cha milimita 34, ili nguvu za magari zisizidi kiwango.

Katika mbio za Catalunya nchini Hispania mwaka huo, wakaguzi waligundua kwamba magari ya timu ya Toyota aina ya Celica GT-Four yalikuwa na kifaa kilichobuniwa kwa ustadi mkubwa, kilichoruhusu hewa ya ziada kupita kando ya tundu hilo na kujificha kikifunguliwa kwa ukaguzi. FIA iliifutia timu hiyo pointi zake na kuifungia kwa miezi 12. Magari ya familia hiyohiyo ya Celica ndiyo yaliyokuwa yameshinda Mbio za Safari nchini Kenya mwaka 1990, 1992, 1993 na 1994.

Ukubwa wa adhabu hiyo unaonyesha kwamba mahali ambapo hewa imebanwa kweli, mwanya mdogo tu huzaa nguvu kubwa. Lakini unaonyesha pia jambo la pili: faida hupatikana tu pale palipo na kizuizi. Injini ya familia ya lita 1.5 isiyo na turbo haina tundu la namna hiyo mbele yake. Watengenezaji wake walikwishaipa njia pana ya kutosha mahitaji yake.

Kisanduku si pambo

Wengi hudhani kwamba kisanduku cha plastiki kinachobeba chujio kiliwekwa ili kupunguza kelele tu. Ni kweli kwamba kupunguza kelele ni mojawapo ya kazi zake, na vile visanduku vidogo vilivyochomoza pembeni ya bomba vipo hasa kwa ajili hiyo. Lakini kisanduku kina kazi nyingine tatu ambazo gari haliwezi kuzikosa.

Kazi ya kwanza ni kuiletea injini hewa ya nje isiyo na joto. Hewa ikipata joto hutanuka, na lita moja ya hewa ya moto hubeba oksijeni chache kuliko lita moja ya hewa baridi. Hewa ya nyuzi 60 za Sentigredi ina uzito pungufu kwa karibu asilimia tisa ikilinganishwa na hewa ya nyuzi 30.

Chujio la wazi likifungwa chini ya boneti bila kizuizi cha joto, huvuta hewa iliyokwishapashwa na rejeta, manifoldi ya moshi na injini yenyewe. Katika foleni ya mchana wa Dar es Salaam, joto chini ya boneti hupanda haraka. Mwenye gari aliyetafuta nyongeza ya asilimia moja au mbili kwa kupunguza kizuizi huweza kupoteza mara kadhaa ya hiyo kwa kuvuta hewa ya moto.

Kazi ya pili ni kuituliza hewa kabla haijapimwa. Katika injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE, iliyofungwa kwenye magari mengi yaliyozoeleka nchini kama Vitz, IST na Probox, sensa ya hewa imewekwa kwenye mfuniko wa kisanduku cha chujio. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa joto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza waya huo, na kompyuta husoma umeme unaohitajika kuurudisha katika joto lake, kisha hukokotoa hewa iliyopita.

Hesabu hiyo imeandaliwa kwa bomba la kipenyo fulani na kwa hewa inayopita kwa utulivu. Sensa ikihamishiwa kwenye bomba lenye kipenyo kingine, au ikiwekwa mahali ambapo hewa inazunguka kama kimbunga, husoma uongo. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye njia ya moshi hujaribu kusahihisha, lakini ina mpaka wake. Ukivukwa mpaka huo taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, gari hutetemeka likiwa limesimama, na matumizi ya mafuta hupanda.

Kazi ya tatu ni kupokea mvuke wa mafuta kutoka ndani ya injini. Mpira mwembamba unaotoka kwenye mfuniko wa juu wa injini huunganishwa na bomba la hewa ili mvuke huo urudi ukachomwe. Anayebadilisha bomba bila kuacha nafasi ya mpira huo huuacha ukining'inia. Tundu lililoachwa wazi baada ya sensa huingiza hewa isiyopimwa wala kuchujwa, na kompyuta haiwezi kujua kwamba hewa hiyo imeingia.

Kuhusu mabomba ya plastiki ya majumbani, yafaa ifahamike kwamba plastiki ya PVC huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 80. Bomba linalogusa au kupita karibu na njia ya moshi huweza kupinda, kuachana na kiungio chake na kuacha mwanya ambao mwenye gari hatauona hadi vumbi limekwishaingia.

Vumbi, adui asiyeonekana

Hasara kubwa zaidi huletwa na vumbi, nayo haijitokezi siku hiyo wala wiki hiyo.

Sehemu kubwa ya vumbi la barabara zisizo na lami ni chembe za mchanga wa silika. Mchanga huchora kioo, na ni mgumu kuliko chuma cha kuta za silinda. Chembe zinazodhuru zaidi si zile zinazoonekana kwa macho, bali zile nyembamba kuliko unywele, zinazoweza kuingia kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Hapo hufanya kazi ya msasa kila pistoni inapopanda na kushuka.

Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda mara 50 kwa sekunde. Msasa huo haupumziki. Chembe nyingine huteremka hadi kwenye mafuta ya kulainisha na kusambazwa kwenye beringi za mtaimbo mkuu wa injini.

Dalili huja baada ya miezi kadhaa: injini inaanza kupunguza mafuta ya kulainisha bila kuvuja mahali popote, moshi wa rangi ya bluu unatoka nyuma, mkandamizo unashuka na gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi. Wakati huo mwenye gari amekwishasahau siku aliyoondoa kisanduku, na lawama humwangukia aliyemuuzia mafuta au fundi wa mwisho kuligusa gari.

Watengenezaji walilitambua tatizo hili tangu zamani. Magari ya Land Rover ya miaka ya 1950 na 1960 yaliyopita sehemu nyingi za Afrika Mashariki yalikuwa na chujio lenye bakuli la mafuta mazito chini yake, ambamo hewa ililazimishwa kugeuka ghafla ili vumbi linase kwenye mafuta. Baadaye chujio la karatasi lilichukua nafasi yake kwa sababu hunasa chembe ndogo zaidi.

Machujio ya wazi yanayouzwa madukani hayafanani. Yapo ya pamba iliyopakwa mafuta, ambayo yakitunzwa kwa kufuata maelekezo hufanya kazi. Yapo pia yenye sifongo au nyavu pana, ambayo ukiyaelekeza kwenye jua unaona mwanga upande wa pili. Yale ya mafuta nayo yana mtihani wake: yakikauka hupitisha vumbi, na yakipakwa mafuta kupita kiasi, mafuta huweza kuvutwa na kugandia kwenye waya wa sensa ya hewa.

Kikombe kimoja cha kahawa

Ikiwa vumbi huua polepole, maji huua papo hapo.

Baadhi ya wanaotengeneza njia mpya ya hewa hushusha bomba hadi chini ya bampa kwa lengo la kupata hewa baridi. Fikra hiyo ina mantiki wakati wa kiangazi. Wakati wa masika, bomba hilo linakuwa mrija wa kunywea maji.

Hewa hukandamizika, maji hayakandamiziki. Katika injini ya ujazo wa sentimita 1,497 yenye silinda nne na uwiano wa mkandamizo wa 10.5 kwa moja, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni mililita 39 tu kwa kila silinda. Hicho ni kiasi kisichojaza kikombe cha kahawa cha wauzaji wa mitaani.

Maji yanayozidi kiasi hicho yakiingia katika silinda moja, pistoni hugonga ukuta usiosogea. Kinachosalimu amri ni mkono wa pistoni, ambao hupinda au kukatika, na mara nyingine hutoboa ubavu wa injini. Kwa gari la bei nafuu, gharama ya kubadilisha injini huweza kumfanya mwenye nalo aamue kuliuza kama vipuri.

Dar es Salaam ina kumbukumbu za kutosha za maji barabarani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na Barabara ya Morogoro inapokatiza Bonde la Msimbazi eneo la Jangwani imewahi kufungwa mara kadhaa kutokana na maji. Dereva ambaye mdomo wa hewa wa gari lake umeshushwa chini ya bampa hahitaji mafuriko ya namna hiyo. Dimbwi la kina cha magoti, au wimbi linalosukumwa na basi linalompita, linatosha.

Gari likizimika ndani ya maji, kosa kubwa kuliko yote ni kujaribu kuliwasha tena. Linapaswa kusukumwa hadi mahali pakavu, chujio lifunguliwe na kukaguliwa. Likiwa limelowa, plagi zitolewe na injini izungushwe kwa mkono ili maji yatoke kwenye matundu ya plagi kabla ya kuwashwa.

Mabomba marefu yanayopanda kando ya kioo cha mbele kwenye magari kama Land Cruiser ni mabadiliko ya njia ya hewa yenye sababu ya msingi. Hupandisha mdomo juu ya maji na juu ya wingu zito la vumbi linalorushwa na magurudumu, na yalionekana pia kwenye magari ya Mbio za Safari katika miaka ya 1990. Lakini hata hayo hayana maana ikiwa viungio vyake havikuzibwa, na hayalilindi gari lisisombwe na mkondo wa maji.

Vifaa vya miujiza

Sambamba na machujio, huuzwa vifeni vidogo na mapanga ya bati yanayowekwa ndani ya bomba la hewa kwa madai kwamba yanaizungusha hewa ili ichanganyike vyema na petroli.

Katika injini nyingi za nozeli, petroli hupulizwa karibu kabisa na vali ya silinda, mbali na mahali kifaa hicho kinapowekwa. Mzunguko wowote uliotengenezwa kwenye bomba hufa unapofika kwenye kilango na kona za manifoldi. Kinachobaki ni kizuizi kipya katika njia ambayo mwenye gari alidhani anaipanua. Vifeni vinavyoendeshwa na injini ndogo ya umeme, kwa upande wao, havina uwezo wa kusukuma kiasi cha hewa ambacho injini huvuta yenyewe.

Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta. Ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu, na hata hivyo nafuu hiyo ilikuwa ndogo.

Yanayowezekana nyumbani

Haya yote hayamaanishi kwamba mwenye gari hana la kufanya. Ipo kazi ya mikono inayoboresha upumuaji wa injini, na sehemu kubwa yake haihitaji zaidi ya bisibisi na kitambaa.

La kwanza ni kukagua chujio lenyewe. Kwa gari linalopita barabara za vumbi, chujio linapaswa kukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko kitabu cha gari kinavyoagiza kwa barabara za lami. Likiwa na vumbi kidogo, ligongwe taratibu upande wenye vumbi ukitazama chini. Kulipuliza kwa upepo mkali wa kompresa, kama inavyofanyika kwenye vituo vingi vya kuoshea magari, hutoboa karatasi vitundu visivyoonekana. Likiwa jeusi, limelowa au limechanika, dawa ni kununua jipya.

La pili ni kukagua uzibaji. Mpira unaozunguka chujio unapaswa kukaa sawasawa, na klipu zote za kisanduku zifungwe. Kisanduku chenye klipu moja iliyovunjika ni hatari kuliko chujio chafu, kwa kuwa hewa hupita pasipochujwa.

Kipo kipimo rahisi. Injini ikiwa imezimwa, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya chujio. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja, na panapaswa kutafutwa kabla ya jambo jingine lolote.

La tatu ni kukagua bomba la mpira linalounganisha kisanduku na kilango. Kwa magari yaliyotumika miaka mingi, mpira huo hupasuka kwenye mikunjo yake. Ukunjue kwa mikono, utazame ndani ya kila mkunjo, na ukaze klampu zote mbili.

La nne ni usafi wa sensa na kilango. Sensa husafishwa kwa dawa maalumu ya kupuliza inayouzwa kwa kazi hiyo, na waya wake hauguswi kwa kidole wala kitambaa. Kilango hujenga masizi ukingoni, na yakiondolewa injini hutulia likiwa limesimama gari. Katika magari yenye kilango cha umeme kazi hiyo ni vyema ikafanywa na fundi, kwani bamba lake likisukumwa kwa nguvu linaweza kuharibika.

Kwa wenye magari ya dizeli, ikiwa ni pamoja na daladala, ukaguzi huu una uzito zaidi. Injini nyingi za dizeli, hasa za zamani, hazina kilango cha kubana hewa, hivyo chujio likiziba petroli haipo ya kupunguzwa na kompyuta. Dizeli huzidi hewa na moshi mweusi hutoka.

Anayeng'ang'ania kufunga chujio la wazi kwa sababu anaipenda sauti yake anaweza kupunguza madhara. Alikinge kwa bamba dhidi ya joto la injini, ahakikishe linapata hewa kutoka nje ya boneti, aliweke juu na si chini ya bampa, atumie bomba lenye kipenyo kile kile pale sensa inapokaa, na aunganishe upya mpira wa mvuke wa mafuta. Kisanduku cha awali akihifadhi, asikitupe.

Na anayetaka kujua kama amepata nafuu asisikilize sauti. Ajaze tangi hadi mwisho, aendeshe kilomita mia kadhaa katika safari zake za kawaida, ajaze tena kwenye pampu ileile na kugawanya lita kwa kilomita. Afanye hivyo kabla na baada ya mabadiliko, zaidi ya mara moja.

Gari lililopoteza nguvu lina sababu nyingi zinazowezekana kabla ya kufikiria kupanua njia ya hewa: plagi zilizokwisha, chujio la mafuta lililoziba, breki zinazobana, matairi yenye upepo mdogo au njia ya moshi iliyojaa masizi. Fundi anayeanza kwa kuvitazama hivyo hatampa mteja wake ngurumo ya kutamba nayo mtaani, lakini ndiye anayemrudishia nguvu ambazo gari lilitoka nazo kiwandani.